Kiganja Kwenye Pazia

Shule ya Msingi,
Enguserosambu.
20 Mei 1978

Ndugu wa Pazia,

Jina lako sikulishika, ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika tu "Bwana wa dawa ya kupe, Karatu". Dereva wa lori la chumvi ameniambia Karatu ni ndogo, utapatikana.

Mimi ni Seenoi, mwalimu wa darasa la pili hapa. Ulipokuja wiki iliyopita nilisimama kando ya pazia lako nikigeuza maneno yako kwa Kimaasai. Watu bado wanazungumza habari zako. Wazee walipoona lile bomba refu likishushwa kutoka kwenye Landrova walidhani serikali imeleta mzinga. Kisha ukalisimamisha kwenye miguu yake mitatu, ukavuta kitambaa cheupe kwenda juu kama mtu anayechuna mbuzi, na giza lilipoanza kuingia ng'ombe wakatokea. Watoto wangu wa darasani walizunguka nyuma kutafuta mikia yao.

Lakini siandiki kukusifu. Utamkumbuka yule mama aliyetoka upande wa wanawake akaenda mpaka kwenye pazia, akaweka kiganja juu ya picha. Ulimwambia, "Mama, usiguse, linachafuka!" Mimi neno hilo sikuligeuza. Yule ni mama yangu mzazi, na picha aliyoigusa ilikuwa ya mwanawe.

Ni ile picha ya josho. Ng'ombe mwekundu anapanda kutoka kwenye dawa, na kijana amesimama ukingoni amemshika sikio. Wengine wote hushika pembe. Kaka yangu Moloimet alikuwa akimshika ng'ombe sikio na kumsemesha, tangu utoto wake. Aliondoka hapa wakati wa ule ukame mkubwa, akaenda kusini kutafuta kazi mashambani. Mara mbili alituma salamu kwa wachuuzi wa ng'ombe, halafu kimya. Kwetu jina la marehemu halitajwi, na tayari wapo watu hapa bomani ambao wameacha kulitaja jina lake.

Nakuomba unijibu. Picha ile ilipigwa wapi? Na kijana yule yuko wapi sasa?

Seenoi Ngoitiko


Karatu,
14 Juni 1978

Mwalimu Seenoi,

Dereva wako alisema kweli. Aliuliza maduka mawili tu, la tatu akanikuta mwenyewe nikinunua sigara.

Naitwa Xavery Tluway, mzaliwa wa hapahapa. Kazi yangu ni kutembeza picha za kampuni moja ya Arusha inayouza dawa za mifugo na mbegu. Wengine wanatembeza vitenge, mimi natembeza pazia. Nalisimamisha popote panapopatikana watu na giza kidogo: kwenye ghala, kanisani, chini ya mti wakati jua limezama. Naeleza, watu wanaona, halafu wanaagiza au hawaagizi.

Nakuomba radhi kwa kumkemea mama. Pazia lile limetoka ng'ambo. Limepakwa chembe za kioo ili ling'ae, na mkubwa wangu kila ninapoondoka huniambia, "Xavery, gari likipinduka, okoa pazia kwanza." Basi nilipouona mkono wa mama una udongo mwekundu na mafuta, niliogopa. Na kweli alama imebaki. Mke wangu Petronila ni fundi cherehani, anajua vitambaa, na yeye amejaribu sabuni, ndimu na majivu. Haitoki. Juzi nilikuwa Mang'ola kwa wakulima wa vitunguu, na kila picha niliyoweka, iwe mfereji, iwe gunia, iwe bwana shamba anacheka, ilikuwa na vidole vyekundu upande mmoja. Mchuuzi mmoja akaniuliza kama hiyo ndiyo nembo mpya ya kampuni.

Kuhusu kijana: slaidi hunijia kutoka ofisini zikiwa na namba tu, hazina majina. Nitamuuliza aliyezipiga. Kwa sasa nimeomba nakala ya karatasi, nimeiweka humu ndani, mpe mama.

Kuna kitu nilikiona siku ile na sikukuambia. Mama alipoweka mkono kwenye pazia, picha ilipanda juu ya mkono wake. Uso wa yule kijana ulitua mgongoni mwa kiganja chake. Mimi niliyekuwa kwenye projekta niliuona vizuri. Sijui kama yeye aliuona.

Msalimie sana.

Xavery Tluway


Enguserosambu,
9 Julai 1978

Ndugu Xavery,

Picha ya karatasi imefika. Nilimpa yeyo, maana ndivyo tunavyomwita mama. Aliishika juu chini. Nikamgeuzia. Akaisogeza mpaka puani, akaipeleka mbali, akaipangusa kwa shuka, kisha akanirudishia. "Hii ni karatasi," akasema. "Yule mtu wa Karatu amebaki na mwanangu."

Ni lazima nikueleze habari za macho yake. Kope zimegeukia ndani na zimekuwa zikikwaruza mboni miaka mingi. Mganga wa zahanati amesema la kushoto limekwisha na la kulia linafifia, na dawa aliyompa ni ya kupunguza maumivu, haiwezi kurudisha kilichoondoka. Vitu vidogo ameviaga. Ng'ombe anamjua kwa rangi, mimi ananijua kwa mwendo. Kwenye pazia lako kaka alikuwa mkubwa kuliko mtu, tena amejaa mwanga. Ndiyo maana alimwona.

Wazee wanasema alichokiona ni taa. Mzee Metui, ndugu wa baba, ambaye ndiye msemaji wa boma tangu baba afariki, anataka ng'ombe wa Moloimet wagawiwe watoto wa mama wengine mvua za vuli zikianza. Simlaumu, ng'ombe hawezi kukaa bila mtu. Lakini yeyo ameketi mlangoni anarudia neno moja: "Nimemwona." Nami niko katikati, mwalimu mwenye cheti, sijui niseme nini.

Njoo na pazia tena. Njoo kabla jicho la kulia halijafunga. Dawa ya kupe nitawahimiza wanunue wenyewe.

Seenoi


Shambani,
6 Agosti 1978

Kwa Xavery.

Mimi ni Moloimet. Naandika mwenyewe. Nimesoma kisomo hapa shambani na Wanyaturu na Wagogo, jioni baada ya kukamua. Naandika kwa mkono wa kushoto ndiyo maana herufi zinalala.

Jumapili, ulipoelekezwa na mpiga picha ukanikuta zizini, sikuweza kusema. Ulisimamisha pazia ndani ya ghala la majani, ukafunga milango, ukawasha mashine yako. Ukaniuliza, "Huyu ni wewe?" Nikamwona mtu mwenye mikono miwili. Sikuwa nimemwona siku nyingi. Halafu ulipozima nikaona alama nyekundu. Kiganja cha yeyo nakijua. Kidole chake cha mwisho hakinyooki.

Sasa nakueleza. Walipiga picha ile nikiwa mzima. Masika yaliyofuata, mashine ya kukata majani ya ng'ombe ilinishika. Mkono wa kulia ukaenda mpaka karibu na kiwiko. Huo ni mkono wa mkuki. Ndio mkono unaopewa mzee ukimsalimia. Nilipotoka hospitali nilianza safari ya kurudi nyumbani. Nilifika ukingoni mwa Kreta. Nikaona wenzangu wanateremsha ng'ombe kwenda kulamba chumvi, mikuki begani. Nikageuka. Hapa shambani wamenipa kazi ya kuhesabia maziwa na kufungua mageti. Siyo wabaya.

Umesema yeyo ameniona kwenye pazia na amefurahi. Basi mwache na yule. Yule ni mwana mzuri kuliko mimi.

Umesema pia macho yake yanakwisha. Nimewaza jambo, usinichukie. Nitangoja. Macho yakiisha kabisa nitarudi. Nitakaa karibu naye, atasikia sauti yangu, hataona. Mpaka siku hiyo usimwambie dada yangu kitu. Uliniahidi pale ghalani, ukanipa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia sina wa kuupokea wako. Naishikilia ahadi yako hiyo.

Moloimet


Karatu,
28 Agosti 1978

Mwalimu Seenoi,

Nimechelewa kukujibu. Njia ya Mang'ola ilikuwa na vumbi la kufika kwenye ekseli, na pazia lilipata tundu dogo ambalo Petronila amelishona kwa uzi mweupe, huwezi kuliona ila uambiwe. Vitunguu vya mwaka huu ni vizuri. Malori yanapakia usiku na mchana.

Kuhusu picha. Ofisi inasema ni ya zamani kidogo, na mashamba haya hubadilisha watu kila msimu. Imekuwa vigumu kupata zaidi. Sitaki kukuandikia jambo ambalo sina ruhusa ya kulisema.

Nimeanza kuwaza sana juu ya kazi yangu. Zamani niliona pazia ni kitambaa tu, chombo kama jembe. Sasa najiuliza. Mtu akiona kitu kizuri pale, na kitu hicho kikawa hakipo tena kama kilivyokuwa, je, ni nani mwenye haki ya kuzima taa? Labda mama ana bahati. Amemwona mwanawe akiwa na nguvu zake, amesimama juani, na ng'ombe mwekundu pembeni. Si kila mama hupata hilo. Labda inatosha.

Mwambie awe na moyo. Nitajitahidi kuja na pazia, kampuni ikinipa petroli.

Xavery


Enguserosambu,
17 Septemba 1978

Ndugu Xavery,

Nimeelewa.

Nilisoma barua yako darasani watoto wakiwa wananakili hesabu, nikaisoma tena nyuma ya jengo. Umeniambia taratibu, kwa kuzungukazunguka, kama mtu mzima anavyofikisha msiba kwa mtoto wa mwenzake. Nakushukuru kwa adabu hiyo. Kwetu hatuulizi kaburi liko wapi, nami siulizi.

Yeyo sitamwambia. Umesema sawa, amemwona akiwa na nguvu zake, na jicho lililobaki ni la kulindwa na mengi. Kila asubuhi ananiuliza kama lori limekuja na yule mtu wa pazia. Namjibu, bado. Nimejifunza kusema uongo bila sauti kutetemeka, na hili sikulijua kama naliweza.

Mzee Metui nimekwisha kumweleza kwamba sitapinga tena. Mvua ya kwanza ikinyesha watagawa ng'ombe.

Usihangaike kuja.

Seenoi


Karatu,
4 Oktoba 1978

Mwalimu,

Sikuandika kwamba amekufa. Soma tena barua yangu, neno hilo halimo.

Mzee Metui asigawe hata ndama mmoja. Mwambie mimi, Mwiraqw wa Karatu, naweka dhamana ya jina langu. Zaidi ya hapo mdomo wangu umefungwa na ahadi niliyompa mtu, na naomba usiniulize ni nani.

Nisamehe kwa siku ulizolia.

Xavery


Karatu,
4 Oktoba 1978

Kwako Moloimet,

Nakutumia humu barua ya dada yako. Imeandikwa kwangu, lakini ni yako. Isome peke yako.

Uone tulichokifanya, wewe na mimi. Nilitaka kutunza neno lako bila kusema uongo, nikaandika maneno ya mviringo, naye akayasoma kama tangazo la msiba. Sasa anakulilia nyuma ya darasa, na mama anaulizia lori.

Nilimsomea Petronila. Alikuwa anashona sare za shule, akasimamisha cherehani. Akaniuliza, "Huyo kijana anangoja nini?" Nikamwambia, anangoja macho ya mama yake yaishe. Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Na wewe umekubali kungoja naye?" Kisha akasema, "Nyinyi wanaume mmewahi kumwona kipofu akipokea mgeni? Hatazami. Anapapasa. Kitu cha kwanza anachokitafuta ni mkono."

Nilirudi kwenye projekta yangu nikaitazama slaidi yako mbele ya taa. Ni ndogo kuliko sanduku la kiberiti. Ndimo tulimotaka kumweka mtu mzima.

Ahadi yako bado naishika. Nimemwambia tu kwamba sikusema amekufa. Akili anazo, atajua. Lakini ni wewe unayepaswa kumwandikia, si mimi.

Xavery


Shambani,
29 Oktoba 1978

Kwa Xavery.

Nimesoma barua ya Seenoi. Baba alipotutoka, Seenoi alikuwa hajui kufunga viatu. Sasa anaandika hivi.

Siku tatu sikula vizuri. Mwenzangu Raphaeli, wa Singida, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimekufa nyumbani. Akacheka, halafu akaona sicheki.

Sitaki alie. Lakini kurudi bado siwezi. Ukinikuta usiku nitakuambia naweza, asubuhi nikivaa shati na kuona mkono wa shati unaning'inia, siwezi. Watoto watanitazama. Rika langu wameoa, wana watoto, watanionea huruma. Huruma ni mbaya kuliko matusi.

Fanya hivi. Chukua pazia uende tena. Weka picha. Ikiwaka, umwambie yeyo mbele ya Mzee Metui na watu wote: mwanao yuko hai, ana kazi, atakuja. Picha ikiwa pale wataamini. Usiseme mengine. Nitamwandikia Seenoi baadaye.

Nakuomba sana.

Moloimet


Karatu,
26 Novemba 1978

Moloimet,

Gari limechukuliwa. Kampuni imetoa Landrova zake kwa ajili ya vita vya kule Kagera, na hapa Karatu hata mwenye pikipiki anaitazama tu. Jenereta lipo lakini petroli hakuna. Pazia langu limelala chini ya kitanda. Petronila amelizungushia shuka lisiingiwe na panya.

Kwa hiyo picha yako haiwezi kwenda Enguserosambu. Nimefikiri kila njia. Nilimuuliza mwenye punda. Nilimuuliza padri kama ana betri. Mwisho nikakaa chini nikaona jambo lililokuwa mbele yangu tangu mwanzo: katika vitu vyote vinavyoweza kwenda kule kumwambia mama yako kwamba uko hai, kimebaki kimoja, nacho hakihitaji petroli.

Mimi ni mtu wa kuonyesha. Miaka yote nimesimama kando ya pazia nikisema, "Tazameni ng'ombe huyu alivyonawiri." Hakuna kampuni iliyonipa picha ya ng'ombe aliyechechemea akapona, akatoa maziwa, akaishi. Hao hawapigwi picha. Lakini kila boma ninalofika wapo, na wenyewe hawawafichi. Wanawaita kwa majina.

Lori la chakula cha shule linaondoka hapa wiki ya pili ya Desemba, linapita Kreta kwenda Loliondo. Dereva ni yuleyule wa chumvi. Nimemwambia kuna mtu mmoja atapanda. Hakuuliza ni nani.

Njoo ulale kwetu usiku wa kuamkia safari. Petronila amekukatia shati. Mkono mmoja wa shati ameufanya mfupi na kuupindia vizuri, usining'inie. Aliniambia nisikuandikie hili, utaliona mwenyewe. Lakini nadhani ni bora ulijue kabla, ili usije ukalikataa mbele yake.

Xavery


Enguserosambu,
7 Januari 1979

Ndugu Xavery,

Kaka amefika.

Lori lilimshusha njia panda, akatembea kilichobaki. Ilikuwa mchana, ng'ombe wako malishoni, boma limenyamaza. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu shule imefunga. Yeyo alikuwa ameketi mlangoni anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, kazi ambayo mikono yake inaifanya bila macho. Nikamwona mtu anapita kwenye uwazi wa ua, amejifunga shuka juu ya shati, upande wa kulia umefunikwa. Nilimjua.

Yeyo akainua kichwa. Akanusa. "Nani ananuka dawa ya kupe?" akauliza.

Kaka alikuja akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa ili aguswe, kama mtoto anavyosalimia wakubwa. Hiyo ndiyo desturi yetu na wala hatukuifikiria, si mimi, si wewe, si Petronila wako. Mama hasalimiwi kwa mkono. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kikakaa pale. Kikakaa muda mrefu. Kibuyu kilianguka na yeye hakukitafuta.

Kisha mikono ikaanza kuteremka. Masikio, shingo, mabega. Ikashuka mkono wa kushoto mpaka kwenye vidole, ikavishika kimoja kimoja. Halafu ikarudi juu, ikaanza kushuka wa kulia. Nilitaka kupiga kelele nimzuie. Ikafika kwenye kiwiko, ikapita, ikashika hewa. Akatafuta mgongoni kwake, kama anadhani ameuficha. Akarudi tena pale unapoishia, akapazungushia kidole.

Unajua alisema nini? Alisema, "Nani anakukatia nyama?"

Kaka akajibu, "Najikatia, yeyo. Naishika kwa meno."

"Hata nyama ngumu?"

"Hata ngumu."

Akaanza kumpiga. Alimpiga kifuani kwa viganja vyote viwili, analia na kupiga. "Mkono! Kwa ajili ya mkono tu! Nilikaa hapa naulizia lori, watu wananiambia nimeona taa, na wewe una mdomo, una miguu, una mkono mwingine!" Kaka hakujikinga. Wanawake wa boma walikimbia kuja wakidhani kuna mwizi.

Baada ya hapo hakusema naye mpaka jua lilipozama. Alimpa maziwa kwa kupitia kwangu, kana kwamba hayupo. Walipokuja wazee, Mzee Metui alimtazama kaka, akautazama mkono, akasema, "Ng'ombe wako wanakungoja. Yule mwekundu uliyemwacha hapa amezaa." Ile huruma aliyoiogopa kaka sikuiona, au labda watu waliificha vizuri.

Usiku ule, wakati wa kulala, nilimsikia kaka anamuuliza, "Yeyo, yule uliyemwona kwenye pazia, hukumpenda zaidi? Yule alikuwa mzima."

"Yule nilimwita mara mbili," akasema, "hakuitika."

Sasa nizungumze na wewe. Nimejua yote, kaka amenieleza. Ulishika ahadi ya mtu, na hilo ni jambo zuri kwa watu. Lakini mimi nilimlilia mtu aliye hai, peke yangu, kwa sababu wewe uliandika maneno matamu yasiyo na mfupa ndani. Nina hasira nawe bado. Vita vikiisha uje, nikuseme uso kwa uso, halafu tule. Petronila aje pia. Shati limemkaa vizuri, na wanaume wawili wameuliza linashonwa wapi.

Seenoi


Enguserosambu,
22 Aprili 1979

Kwa Xavery na Petronila.

Seenoi amesema nikuandikie mwenyewe, yeye amechoka kuwa karani wangu.

Jicho la kulia la yeyo lilifunga mwezi uliopita. Halikufunga ghafla. Siku moja aliniuliza kwa nini mawingu hayaondoki, nikajua. Analia kidogo asubuhi, mchana anafanya kazi. Nilidhani siku hiyo nitapumua, kwa sababu hataniona tena. Sikupumua. Nilitamani aone ndama, na shuka jipya, na mimi pia anione nilivyo. Nilikuwa mjinga kungoja kitu kile.

Jioni nafundisha kisomo hapa shuleni. Wazee wanne na mama mmoja, Nosim, ambaye anawashinda wote. Mzee Metui huja, hashiki kalamu, anasema anakuja kutuangalia. Nimewaonyesha kwamba mkono wa kushoto unaandika, ila herufi zinalala.

Kuhusu ile picha, kampuni ikipata gari iitumie inavyotaka, mimi sina neno. Pazia ukija nalo nitakushikia mguu mmoja upepo usiliangushe, wa shuleni kwetu ni mkali.

Jana nilichelewa kuwatoa ndama. Kulikuwa na wageni kutoka Loliondo, wazee wenye heshima, wameketi wanakunywa chai. Yeyo akasimama mlangoni akanigombeza mbele yao kwa sauti ya kufika mtoni: mvivu, mlala jua, mtu asiyejua ndama wana njaa. Wageni waliutazama mkono wangu, wakaona aibu, wakatazama chini. Mimi nilisimama pale uani, sikujitetea, nikasikiliza mpaka akamaliza.

Moloimet